Dragon Ball ni kazi ya nani? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu waliochora, waliohariri na walioongoza

Wakutanishe mashabiki watatu wa Dragon Ball, hadithi ya Kijapani ya picha za kuchorwa iliyogeuzwa pia kuwa katuni, kijiweni na nusu saa haitapita bila ubishi. Mmoja atasema GT, mfululizo wake mmoja wa runinga, ni feki, mwingine ataapa mwandishi wake, Toriyama, alichora kila kitu kwa mkono wake, wa tatu atataka kujua mbona Goku, shujaa wa hadithi, wa Jumatano hii hafanani na wa Jumatano iliyopita. Hapa yamekusanywa maswali yanayojirudia zaidi. Ya msingi yametangulia, ya ubishi mkali yako chini. Kama Toriyama na kampuni ya Toei unawafahamu tayari, ruka moja kwa moja hadi sehemu ya anime, yaani katuni za Kijapani.

## Mambo ya msingi

Nani alianzisha Dragon Ball, na lini?

Akira Toriyama, mchoraji kutoka mkoa wa Aichi, Japani, aliyezaliwa 1955. Sura ya kwanza ilitoka 20 Novemba 1984 katika Weekly Shonen Jump, jarida la vijana la kila wiki la kampuni ya Shueisha ya Tokyo. Ya mwisho, ya 519, ilitoka 23 Mei 1995. Zikijumlishwa ni juzuu 42.

Wakati anaianza hakuwa mgeni. Kati ya 1980 na 1984 alikuwa amechora Dr. Slump, manga (hadithi ya picha ya Kijapani) ya vichekesho iliyopendwa sana Japani, na ilikuwa imemchosha. Shueisha walimruhusu kuimaliza kwa sharti kwamba baada ya miezi mitatu hivi awe na hadithi mpya jaridani. Hadithi hiyo mpya ndiyo Dragon Ball.

Kuna Dragon Ball ngapi?

Manga ya asili ni moja tu. Wengi huchanganyikiwa kwa sababu anime imekatwa vipande na kila kipande kikapewa jina lake. Dragon Ball ya kwanza ilirushwa Fuji TV kuanzia 26 Februari 1986 hadi 19 Aprili 1989, episodi 153. Dragon Ball Z ikafuata wiki moja tu baadaye, hadi 31 Januari 1996, episodi 291. Wiki iliyofuata ikaingia GT, episodi 64, hadi Novemba 1997. Kai ya 2009 ni Z iliyopunguzwa. Super, episodi 131, ilianza Julai 2015 na kumalizika Machi 2018. Daima, episodi 20, ilianza Oktoba 2024 na kuisha Februari 2025.

Juu ya hizo kuna filamu za sinema, ambazo nyingi za zamani hazina nafasi katika hadithi yenyewe. Tazama jibu kuhusu Broly.

Toei ni nani? Toriyama alikuwa mfanyakazi wao?

Hapana. Toei Animation ni kampuni ya Tokyo inayotengeneza anime, miongoni mwa kampuni kongwe kabisa za kazi hiyo Japani. Toriyama alikuwa mchoraji wa kujitegemea mwenye ofisi yake, Bird Studio, na alikabidhi kurasa zake kwa Shueisha. Toei walipewa haki ya kuzigeuza kuwa katuni za runinga. Ndiyo maana mwanzoni mwa kila anime utakuta jina la Toriyama likiwa la mwandishi wa hadithi ya asili, hata kwenye episodi ambayo hakuigusa kabisa. Jina hilo linakuambia hadithi ni ya nani. Halikuambii nani aliketi na kalamu.

## Manga: chumba chenye watu wachache

Toriyama alichora peke yake?

Karibu sana na hivyo, na kwa jarida la kila wiki hilo ni jambo la kushangaza. Wachoraji wengi wa Jump huwa na wasaidizi watano, sita, hata zaidi: huyu majengo, yule umati wa watu, mwingine kupaka wino mweusi. Kwa muda mwingi wa Dragon Ball, Toriyama alikuwa na msaidizi mmoja, Takashi Matsuyama, ambaye kazi yake kubwa ilikuwa mandhari na kujaza wino. Wahusika alichora Toriyama mwenyewe.

Ukilijua hilo, kurasa zenyewe unazisoma kwa jicho jingine. Angalia mapambano yanatokea wapi: jangwani, kwenye miamba, kwenye sayari isiyo na nyumba. Wakianzia mjini, mji unalipuliwa mapema. Toriyama hakuficha kwamba kuchora majengo kulimchosha, na mji ukishasawazishwa na ardhi hakuna madirisha ya kuchora wiki ijayo. Mimi naona uvivu huo uliisaidia hadithi, maana macho hayana pa kwenda isipokuwa kwa watu wawili wanaopigana.

Kwa nini nywele za Super Saiyan ni za dhahabu?

Wino. Kabla hajageuka Super Saiyan, umbo lake la nguvu kubwa, nywele za Goku ni nyeusi, na katika manga kila picha ya kichwa chake ilibidi ijazwe wino kwa mkono. Kazi hiyo ilikula muda wa Matsuyama kila wiki. Kwenye karatasi isiyo na rangi, nywele za dhahabu ni nyeupe tu: unachora mstari wa pembeni, basi. Toriyama alisema wazi kwamba kumpunguzia msaidizi kazi ilikuwa sababu mojawapo. Nyingine ni kwamba mabadiliko ya nguvu yalihitaji kuonekana kwa macho bila maelezo. Na ule mtazamo mkali wa Super Saiyan aliuchukua kwa Bruce Lee.

Torishima ni nani, na mbona anatajwa kuliko wahariri wengine?

Kazuhiko Torishima aliajiriwa Shueisha 1976, akiwa mtu asiyejali manga hata kidogo. Ndiye aliyeuona mkono wa Toriyama katika kazi alizokuwa akituma kushindania tuzo za jarida, na kabla Dr. Slump haijapatikana alimrudishia mamia ya kurasa akimwambia hazifai. Wajapani wana neno lake, *botsu*, yaani imekataliwa, na Torishima alisifika kwa kulitamka bila huruma. Mwaka 1996, Dragon Ball ikiwa imeshakwisha, akawa mhariri mkuu wa Jump.

Toriyama alijilipizia kwa kalamu. Katika Dr. Slump alimchora mwanasayansi mwovu, akampa sura ya mhariri wake na jina la Mashirito. Lisome kwa silabi: To-ri-shi-ma, ukirudi nyuma ni ma-shi-ri-to. Aliyekua akizungumza kinyume na wenzake ili wakubwa wasielewe atalinasa papo hapo.

Kuna jingine linalochekesha. *Tori* ni ndege, *yama* ni mlima, *shima* ni kisiwa. Kwa hiyo Mlima wa Ndege alikuwa akipeleka kurasa zake kwa Kisiwa cha Ndege, kutoka ofisi iitwayo Studio ya Ndege.

Baada ya Torishima, uhariri wa Dragon Ball ulikwenda kwa Yu Kondo, kisha kwa Fuyuto Takeda aliyebaki nayo hadi mwisho.

Ni kweli Cell, mmoja wa maadui wakubwa wa Goku, alizaliwa kwa sababu wahariri walilalamika?

Ni kweli, na aliyesimulia ni Toriyama mwenyewe. Maadui wa kisa kile walikuwa wawe roboti 19 na 20 peke yao: mmoja mnene mwenye sura ya mwanasesere, mwingine mzee mwenye masharubu. Torishima, ambaye wakati huo hakuwa tena mhariri wake, alisoma akampigia simu: maadui gani hawa, mzee na mnene? Toriyama akaleta namba 17 na 18, vijana wawili warembo. Lawama ikarudi: sasa umeleta watoto. Ndipo akaja Cell, na hapo ikawa zamu ya Kondo kutoridhika: huyu ni mbaya wa sura, atabadilika, sivyo? Umbo la pili nalo halikumpendeza, lile la midomo minene. Umbo kamili lilikuja kwa sababu Kondo aliliomba.

Hadithi inayoonekana kama ilipangwa kwa miaka ilikuwa inajengwa wiki kwa wiki, kwa simu. Toriyama hakuwa na ramani ndefu, na alikuwa msahaulifu wa kupigiwa mfano. Lunch, yule dada anayebadilika nywele kila akipiga chafya, alitoweka kwenye hadithi kwa sababu moja tu: mwandishi alimsahau.

Majina ya wahusika yana maana?

Karibu yote ni ya jikoni. Mboga kwa Kijapani ni *yasai*. Geuza silabi unapata *saiya*, kabila la Goku, kinyume tena. Ndani ya kabila hilo Kakarot ni karoti, Raditz ni figili, Nappa ni mboga za majani, na Vegeta ni nusu ya neno la Kiingereza la mboga. Freeza ni friza, ile ya kugandishia nyama, na watumishi wake ni matunda: Zarbon ni balungi, Dodoria ni doriani, tunda lile lile linalonuka sokoni Unguja. Gohan ni wali. Oolong na Puar ni aina za chai. Familia ya Bulma yote ni nguo za ndani, kwa hiyo ukimtafsiri Trunks mbele ya mama mkwe, chagua maneno.

Goku peke yake ana ukoo wa heshima. Son Goku ni matamshi ya Kijapani ya Sun Wukong, tumbili wa riwaya ya kale ya Kichina ya Safari ya Magharibi. Waliotazama kwa Kifaransa, na wapo wengi Kongo na Burundi, wanamjua kama Sangoku. Ni mtu yule yule.

## Anime: jeshi zima

Kama manga ni moja, jina la Z lilitoka wapi?

Torishima amesimulia kwamba hakuridhishwa na anime ya kwanza. Ilirithi muda wa Dr. Slump, Jumatano saa moja jioni, na ikarithi hata mtindo wake: laini, wa kuchekesha watoto. Manga kwa upande wake ilikuwa imeshageuka kuwa ya mapigano. Akataka watu wapya, na akawataja: Kozo Morishita na mwandishi Takao Koyama, ambao walikuwa wamefanya kazi Toei kwenye Saint Seiya, anime ya vita vikali. Timu ikabadilika, na jina likabadilika nayo. Daisuke Nishio, aliyekuwa ameongoza anime ya kwanza pamoja na Minoru Okazaki, akaendelea na usukani wa Z.

Herufi Z ilikuwa ya Toriyama. Ndiyo ya mwisho katika alfabeti, naye alikuwa anatamani hadithi iishe. Ikaendelea karibu miaka saba mingine.

Kwa nini sura ya Goku inabadilika episodi hadi episodi?

Hili ndilo swali zuri kuliko yote hapa, nami nitalijibu kwa urefu.

Nilipokuwa nikitazama kwenye kibanda cha video, niliamini kanda zetu zilikuwa mbovu. Wiki hii Goku ana kidevu kama shoka na misuli inayong'aa, wiki inayofuata ana mashavu ya mtoto, macho yakiwa mbali na pua. Kanda hazikuwa na kosa. Nilichokuwa nakiona ni mikono ya watu tofauti.

Episodi moja ya Z haikuweza kutengenezwa kwa wiki moja. Kwa hiyo Toei waligawa kazi kwa vikosi kadhaa vilivyokwenda kwa zamu. Wakati episodi moja inarushwa, kikosi cha pili kinamalizia inayofuata, cha tatu kiko katikati, cha nne kinaanza. Kila kikosi kilikuwa na msimamizi wa michoro: mtu anayepitia kazi ya wachoraji wake na kuzisahihisha nyuso ili zifanane. Michoro ya kuongozea walipewa wote, ikiwa imetolewa na Minoru Maeda katika miaka ya mwanzo na baadaye na Katsuyoshi Nakatsuru. Lakini mkono una tabia yake.

Ukishajua majina machache, unaanza kuwatambua kama unavyotambua mwandiko wa ndugu yako. Tadayoshi Yamamuro ni kona kali na mng'ao kwenye misuli. Wengi wakifumba macho na kumfikiria Super Saiyan, wanamwona wa Yamamuro. Masayuki Uchiyama ana nyuso za mviringo na mistari minene, na mashabiki wamemsema vibaya kwa miaka, kwa maoni yangu kupita kiasi. Yukio Ebisawa, Keisuke Masunaga na Mitsuo Shindo kila mmoja ana Goku wake. Baadhi ya vikosi hivi vilikuwa studio ndogo za nje zilizochukua kazi kutoka Toei.

Ndani ya episodi moja pia mikono ni mingi. Wachoraji wakuu huchora mikao muhimu: ngumi inapoanza, ngumi inapofika. Wachoraji wa kati hujaza hatua zilizobaki katikati. Naotoshi Shida ameifanya kazi hiyo ya mikao tangu enzi za Z hadi Super, na mapambano yake yanajulikana kwa miili inayoruka na kupindana kwa kasi ambayo hakuna mwingine anayeiga sawasawa.

Mbona dakika tano za Namek zilichukua episodi karibu kumi?

Adui Freeza anasema Namek, sayari wanakopigana na Goku, italipuka baada ya dakika tano, halafu tunazungushwa wiki baada ya wiki. Sababu ni hesabu. Sura moja ya manga ilikuwa na kurasa kama 15, na episodi ilihitaji zaidi ya dakika 20 za picha. Anime ilikuwa nyuma ya manga kwa hatua chache tu. Ikimfikia Toriyama haina pa kwenda, na Fuji TV hawakuwa tayari kuachia Jumatano yao. Tazama tarehe kwenye jibu la "Kuna Dragon Ball ngapi": kati ya mfululizo mmoja na mwingine hakuna wiki hata moja ya mapumziko, miaka zaidi ya kumi.

Kwa hiyo walivuta. Watu wanatazamana, mawe yanaelea, kamera inamzunguka kila shahidi amshangae Goku. Kuvuta kusipotosha, wakatunga vyao. Kisa cha Garlic Junior kinachofuata baada ya Freeza, episodi 10, hakimo kwenye manga. Lakini vya kutunga si lazima viwe vibaya. Siku Goku na mwenzake Piccolo walipokwenda kujifunza udereva ni ya Toei kabisa, na sijakutana na shabiki aliyeomba ifutwe.

Basi Kai ndiyo ya kutazama?

Ukitaka hadithi ya Toriyama bila maji, ndiyo. Kai ilichukua picha za Z, ikazisafisha, ikakata vya kujazia na kurekodi sauti upya. Kuanzia mwanzo wa Z hadi mwisho wa Cell ni episodi chini ya 100, wakati Z yenyewe ilitumia karibu 200. Ukitaka kuketi na hadithi jinsi watoto wa Japani walivyoketi nayo, Z haina mbadala.

Kuhusu muziki wa Kai, soma jibu linalofuata.

Nani alitunga muziki? Mbona ninaoukumbuka mimi ni tofauti?

Kwa sababu huenda ulitazama toleo la Marekani. Muziki wa asili wa Dragon Ball na Z ni wa Shunsuke Kikuchi, mzee wa muziki wa runinga na sinema aliyefariki 2021: tarumbeta, ngoma, mashaka ya filamu za samurai. Wimbo wa kufungulia Z, "Cha-La Head-Cha-La", umeimbwa na Hironobu Kageyama. Kampuni ya Funimation ya Texas ilipoendelea kutafsiri Z mwaka 1999, iliweka muziki mpya wa Bruce Faulconer, wenye magitaa na sinthesaiza. Aliyelelewa na huo akisikia wa Kikuchi anahisi ameibiwa, na kinyume chake. Ubishi huu hauna dawa.

Kai ilianza na mtunzi mwingine, Kenji Yamamoto, mtu aliyekuwa ameshughulikia nyimbo za Z na michezo ya video kwa miaka. Machi 2011 Toei walitangaza kwamba baadhi ya vipande vyake vinaonekana kukiuka haki za wengine. Muziki wake ukaondolewa na wa Kikuchi ukarudishwa. Ndiyo maana nakala mbili za Kai zinaweza kuwa na muziki tofauti chini ya picha zile zile.

Sauti ya Goku ni ya mwanamke?

Kwa Kijapani, ndiyo. Masako Nozawa, aliyezaliwa Oktoba 1936, amekuwa Goku tangu 1986. Toriyama alisikiliza sauti za waliojaribiwa akamchagua yeye. Goku akiwa mtoto hakuna aliyeshangaa. Alipokua, sauti ikabaki, kisha Nozawa akapewa pia sauti za watoto wa Goku, Gohan na Goten, na ya Bardock, baba yake Goku. Yapo matukio ambayo familia nzima inaongea na chumbani yuko bibi mmoja. Daima ilipoanza kurushwa alikuwa anakaribia kutimiza miaka 88.

Wengine wametangulia. Hiromi Tsuru, sauti ya Bulma tangu mwanzo, alifariki Novemba 2017, na nafasi yake ikachukuliwa na Aya Hisakawa.

## Maswali yanayoleta ugomvi

GT ni halali au si halali?

Inategemea unamuuliza nani. Hadithi ni ya Toei. Toriyama aliwapa jina, akachora nembo na mwonekano wa mwanzo wa wahusika wakuu, akaondoka kupumzika. Super Saiyan 4, yule mwenye manyoya mekundu, alibuniwa na Nakatsuru. Toriyama mwenyewe aliiita GT hadithi ya pembeni ya Dragon Ball, na Super haikuifuata. Mimi naiweka hapo hapo alipoiweka yeye: pembeni, si jalalani.

Broly ni wa nani hasa?

Ni wa watu wawili, kwa nyakati mbili. Broly wa filamu ya 1993 alitungwa na Takao Koyama, na Toriyama akachora mwonekano wake. Hakuwa sehemu ya manga. Miaka 25 baadaye Toriyama aliandika muswada wa filamu ya 2018, akampa Broly baba mwenye kisasi, sayari ya upweke na haya ya kijana asiyejua watu. Mwongozaji alikuwa Tatsuya Nagamine, ambaye amefariki 2025. Michoro ilisimamiwa na Naohiro Shintani, aliyepatikana kwa mchujo ndani ya Toei. Shintani aliondoa ule mng'ao na ugumu ambao Yamamuro alikuwa ameuzoesha macho, akalegeza mistari ili mwili uweze kusogea. Tofauti utaiona tangu Goku anapokunja ngumi ya kwanza kwenye barafu.

Super ina manga na anime zinazopingana. Ipi ndiyo yenyewe?

Hakuna iliyonakiliwa kutoka nyingine. Toriyama aliandika muhtasari wa hadithi na kubuni wahusika. Muhtasari huo ulikwenda Toei, na ulikwenda pia kwa Toyotarou, mchoraji kijana aliyeanza manga ya Super katika jarida la V-Jump Juni 2015, wiki chache kabla ya anime. Kila upande ulijaza nyama yake, ndiyo maana pambano lile lile linaweza kwenda tofauti.

Anime ilipoishia Machi 2018, Toyotarou aliendelea na visa vya Moro na Granolah, akipeleka michoro ya mpangilio kwa Toriyama aipitie na kuisahihisha. Kwa hiyo ukiuliza ni upande gani ulikuwa karibu zaidi na meza ya mwenyewe, ni manga. Ukiuliza ni upi uliotikisa watu, ni episodi za mwisho za Mashindano ya Nguvu kwenye anime, zilizoongozwa na Nagamine na Ryota Nakamura.

Episodi ya 5 ya Super ilikuwaje vile?

Picha zake zilizagaa Agosti 2015: Goku na Beerus wakipigana kwa mikono iliyopinda na nyuso zilizoyeyuka. Wengi walitaja uvivu. Tazama kalenda kwanza. Super ilitangazwa mwishoni mwa Aprili 2015 na kuanza kurushwa 5 Julai. Ule mfumo wa vikosi vya zamu nilioueleza juu unahitaji akiba ya miezi, na akiba haikuwepo. Baadhi ya picha zilisahihishwa kwenye diski zilizouzwa baadaye.

Ni kweli filamu mbovu ya Marekani ndiyo iliyomrudisha Toriyama?

Ilichangia. Dragonball Evolution ya 2009 iliigizwa na watu, muswada aliouona haukumridhisha, na ushauri wake haukufuatwa. Ben Ramsey aliyeandika muswada huo aliwaomba mashabiki radhi hadharani mwaka 2016. Toriyama alieleza kwamba baada ya yale hakutaka kuiacha Dragon Ball ijiendee. Filamu ya anime ya 2013, ya Beerus, aliingilia hadithi yake kwa kina. Ya 2015, ya kufufuka kwa Freeza, aliandika muswada wote mwenyewe.

Toriyama amefariki. Nani anashika kalamu?

Alifariki 1 Machi 2024 akiwa na miaka 68, kwa damu kuvuja chini ya utando wa ubongo. Habari ilitolewa wiki moja baadaye. Daima ilikuwa tayari inatengenezwa, hadithi na wahusika wakiwa wake, chini ya waongozaji Yoshitaka Yashima na Aya Komaki, ikarushwa miezi saba baada ya kifo chake. Manga ya Super ilisimama baada ya sura ya 103. Februari 2025 Toyotarou alitoa sura moja fupi ya kujitegemea.

Nitajuaje nani alichora episodi niipendayo?

Tafuta toleo la Kijapani, maana matoleo mengi yaliyotafsiriwa zamani yalifuta majina ya mwisho na kuweka ya watafsiri. Wimbo wa kufungia ukianza, simamisha picha kila majina yanapobadilika na utafute herufi hizi nne: 作画監督. Maana yake ni msimamizi wa michoro, na jina lililo karibu nazo ndilo la mtu uliyekuwa unamtafuta. Ukikuta 山室 ni Yamamuro. Herufi yake ya kwanza, ile yenye vilele vitatu, ni *yama*, mlima, ile ile inayomalizia jina la Toriyama: 鳥山.